Siku moja ya fundi ekzosi, Mtwara

Saa 1:00 asubuhi. Banda linafunguliwa, mtungi wa gesi unakaguliwa, kebo za mashine ya kuchomelea zinaangaliwa kama hazijachunika. Gereji ipo Magomeni, Mtwara mjini, na upepo wa bahari unaingia mpaka ndani. Upepo huo wa chumvi ndio unaotulisha. Watu wakisikia "fundi ekzosi" wanawaza vijana wanaoamsha mtaa saa sita usiku, kumbe kazi nyingi hapa ni kunyamazisha magari. Ekzosi, yaani mfumo wa bomba la moshi, huliwa na chumvi kwa nje na maji kwa ndani: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari linalozunguka Ligula na sokoni tu halipati moto wa kutosha kuyakausha. Yanatuama chini ya sailensa, lile kopo la kupunguza mlio, nalo linatoboka.

Saa 2 hadi saa 4. Noah iliyopasuka fleksi (kipande cha bomba kinachopinda), bajaji iliyokatika bomba shingoni, pikapu ya Naliendele iliyokatika raba za kuning'inizia. Zote zimeondoka.

Saa 4:15 inaingia IST, ile Toyota ndogo. Msimu wa korosho, malipo yakishatoka, gari za namna hii huja kwa wingi, na wenyewe wanakuja na fedha kidogo na haraka nyingi. Kijana mwenye hii ana shilingi elfu themanini na kipande cha bomba la maji la galvanaizi kwenye buti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu."

"Nataka ilie kama Foresta."

Hapo ndipo siku inapoanza kurefuka. Mlio wa Foresta, gari la Subaru, unatokana na injini yenyewe: silinda zimelala pande mbili, na kwenye zile za zamani mabomba ya manifoldi, yanayotoa moshi kwenye injini, hayalingani urefu, kwa hiyo moshi unafika kwa zamu zisizo sawa. IST ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Haitalia hivyo hata ukiiwekea bomba la lori. Kinachowezekana ni kuifanya iwe nzito na iwe juu zaidi ya ilivyotoka kiwandani, bila kuiharibu. Nimemweleza, amesikiliza, kisha amempigia rafiki yake simu akaniwekea sikioni. Rafiki anashauri tutoboe sailensa kwa drili.

Kutoboa ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote. Tundu halitoi mlio, linatoa mfyonzo na mkwaruzo. Moshi wenye kaboni monoksaidi unatokea chini ya gari badala ya nyuma, unapanda kwenye kabini, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Tundu likiwa mbele, kabla ya oksijeni sensa (kipima hewa iliyobaki kwenye moshi), hewa ya nje inaingia bombani, sensa inadhani mchanganyiko una petroli kidogo, kompyuta inaongeza petroli. Baadaye mwenye gari analalamika injini inakula mafuta.

Akageukia masega, kile kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Rafiki amemwambia tuyakate, tuyauze, fedha ilipe kazi. Wanunuzi wapo kweli, maana ndani yake kuna platini, paladi na rodi. Hapa hatukati masega mazima. Ndiyo yanayosafisha moshi, na sensa iliyo nyuma yake isipoona kazi yao taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na haizimiki. Na mlio unaobaki ni wa kuchanika tu, hauna uzito.

Bomba lake la galvanaizi nalo limerudi kwenye buti. Zinki ikipata moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta usiku huo anatetemeka kwa homa. Halafu ni zito, linalegeza vining'inizio.

Saa 5:30 ndiyo tumekubaliana: resoneta ya katikati (kopo dogo la kukata mvumo) inabaki, sailensa ya nyuma inatoka, na mahali pake linaingia kopo la kupitisha moshi moja kwa moja, la kutengeneza wenyewe. Ukiondoa sailensa ukaacha bomba tupu, gari la silinda nne linavuma kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, na huo ndio mzunguko wa safari. Kwenda Lindi na kurudi kwa mvumo ule, kichwa kinauma. Resoneta ndiyo inayokata ukali huo.

Kopo lenyewe ni hivi. Ganda la sailensa chakavu lisilooza linapasuliwa, vizuizi vya ndani vinatolewa. Katikati inapita paipu nyeusi ya inchi 2, unene milimita 1.5, urefu sentimita 40, imetobolewa matundu ya milimita 5 kila baada ya sentimita moja. Kwa IST yenye injini ya 1.5 usizidi inchi 2. Bomba likiwa pana mno moshi unapoteza mwendo, na gari linakuwa zito kuondoka. Juu ya matundu unaviringisha stilwaya za kusugulia sufuria, zile zisizoshika kutu, kisha pamba ya kioo iliyotolewa kwenye oveni mbovu. Glavu na barakoa ni lazima. Usiweke sponji wala pamba ya godoro, itaungua siku ya kwanza. Bila pamba kopo linalia kama debe tupu. Ukiishindilia mno, mlio unakufa. Mwisho, toboa kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke.

Kutoboa kwa drili kote huko kumechukua muda, na kijana amekaa kwenye ndoo akiuliza bado kiasi gani.

Saa 7 na ushee umeme umekatika.

Umerudi karibu saa 9. Katikati hapo tumehangaika na boliti mbili za springi kwenye maungio ya mbele. Boliti za pwani haziheshimu spana. Unapiga brashi ya waya, unachoma nati kwa gesi mpaka iwe nyekundu, unagusisha mshumaa nta iyeyuke iingie kwenye meno, unairudisha nyuma robo, mbele robo, kwa subira. Ukilazimisha inakatika, na hapo ni drili tena. Moja imekatika. Gasketi ya duara nayo imekuwa unga, mpya imenunuliwa. Ya zamani hairudishwi, itavuja.

Pembe ya nyuma ilihitaji kukunjwa, na mashine ya kukunja hatuna. Tunajaza mchanga bombani, tunaziba ncha zote mbili kwa mbao, tunachoma tunakunja taratibu. Mchanga wa ufukweni upo tele lakini una chumvi na unashika unyevu. Lazima ukaangwe kwanza mpaka ukauke kabisa, la sivyo mvuke unarusha kizibo usoni kwa mtu.

Kuchomelea. Kabla ya cheche yoyote toa terminali hasi ya betri, la sivyo kompyuta ya gari na alteneta ziko hatarini. Klampu ya ethi, ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine, ikae karibu na unapochomea. Tangi la petroli lifunikwe kwa bati na gunia bichi, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa msaidizi. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5, ampea kama 60. Gusisha kwa nukta sehemu nne kwanza, pima kama bomba limenyooka, ndipo uunganishe kwa vipande vifupi vifupi. Ukivuta mstari mrefu paipu jembamba linatoboka. Acha nafasi ya sentimita 3 kutoka kwenye bodi, kwa sababu bomba likipata moto linarefuka na injini inayumba. Ncha itokeze nje ya bampa, isije ikaiyeyusha.

Mgongo sasa hauongei tena, unapiga kelele kuliko gari.

Jua linaelekea kuzama. Injini imewashwa, nyuma pamezibwa kwa kitambaa kwa muda mfupi, maji ya sabuni yamepakwa kwenye kila kiungo. Povu limetoka sehemu moja, pamerudiwa. Kisha ikaachiwa: mlio mzito, wa chini, hauna mkwaruzo. Nimeupenda.

Kijana amekanyaga mafuta mara kadhaa, akasema, "Mjomba, ongeza kidogo."

Hatuongezi. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, trafiki wapo, na Ligula kuna hospitali. Amenung'unika, amelipa elfu sabini na tano, elfu tano tumeandikiana. Arudi baada ya wiki moja boliti zikazwe upya, maana moto wa siku za mwanzo huzilegeza. Vyombo vimekusanywa, na kesho asubuhi kuna Noah nyingine, ya Mikindani, sailensa imeoza mpaka unaona ndani.