Nilivyopungua kilo 15 bila kuacha wali wa nazi

Juzi alikuja binti mmoja dukani kubaniwa gauni. Nilipomzungushia tepu kiunoni nikaona anayumba. Kumuuliza, akasema siku ya tatu hiyo anakunywa maji ya ndimu tu, kwa kuwa amesikia mimi nilipungua hivyo. Nilimkalisha, nikatuma mtoto akalete mayai ya kuchemsha na chungwa, akala mbele yangu. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo, na aliyeyasambaza ameniudhi sana. Ndiyo maana naeleza mwenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa kumi na tisa niko nyuma ya cherehani. Nina miaka 44. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 94 na kiuno inchi 43. Kila ikikaribia sikukuu nafumua mishono ya pembeni ya nguo zangu, natia kipande, nashona upya. Siku moja nilimpeleka mama mkwe kliniki, nesi akasema na mimi nikae nipimwe. Presha ikasoma 150 kwa 95, imepanda. Ya mama mkwe mwenyewe ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Ushauri ulikuja kutoka kila mlango. Jirani akasema nifunge nailoni tumboni nikitembea, mafuta yayeyuke. Nilifunga wiki mbili, nikatokwa na vipele. Jasho ni maji, ukinywa glasi mbili uzito unarudi palepale. Mwingine akaniuzia majani ya chai ya kupunguza tumbo, nikashinda chooni siku mbili. Na wengi walisema, "Wewe unakanyaga cherehani kutwa, mazoezi gani tena unataka?" Hilo linaniudhi mpaka leo. Kwenye cherehani kinachofanya kazi ni kifundo cha mguu, mwili wote umekaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi.

Nikaanza kutembea. Alfajiri baada ya kuswali navuka reli, napita Bombo, mpaka Raskazone, bahari na kisiwa cha Toten vikiwa upande wa kushoto. Mwezi mzima sikukosa. Mzani ukasema 94 na nusu. Nililia. Lakini nikirudi kutoka matembezini nilikuwa naona nimestahili, basi chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vitumbua vinne, na kama kuna mihogo ya nazi ya jana, na hiyo pia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Nusu saa ya kutembea haraka kwa mwili kama wangu inachoma labda 150, labda 200. Vitumbua viwili tu vilikuwa vinaifuta asubuhi yangu yote, na mimi nilikuwa sijui.

Kwa hasira nikaenda upande wa pili, mlo mmoja kwa siku na maji ya ndimu. Matembezi niliacha, sikuwa na nguvu. Siku ya tisa ndiyo siku siisahau. Mama mmoja alikuwa ameniletea lesi ya kuvaa kwenye harusi ya mwanawe, rangi ya zabibu, yadi tano, imetoka Dar. Kifua chake ni 46. Nimeandika kwenye daftari, nimekunja kitambaa mara nne, nimepiga chaki, mikono inatetemeka kidogo nikasema ni joto. Nikashika mkasi. Robo ya 46 ni kumi na moja na nusu, ongeza ya mshono. Mimi nilikata tisa, robo ya 36. Mkasi ulipofika kwapani ndipo nikaona, na wakati huo vipande vyote vinne vilikuwa vimeshakatika kwa mpigo mmoja. Nilikaa chini sakafuni na lesi mapajani.

Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia. "Shikamoo mama, nimeharibu nguo yako." Hakugomba. Alinishika uso akasema, "Mwanangu, unaumwa? Mbona macho yako hivi?" Afadhali angenigombeza. Lesi ile Tanga nzima haikupatikana. Nikaagiza Dar, na nauli ya mzigo na yote ilinitoka laki na ushee. Kilo tano nilizokuwa nimepungua zilirudi ndani ya wiki tatu, zikaja na ya sita.

Nikarudi kwa yule nesi. Namshukuru mpaka leo, maana alinisikiliza bila haraka. Alisema mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla haupunguzi mafuta peke yake, unakula na misuli, na misuli ikipungua hata ule kidogo unanenepa upesi. Akaniambia nipunguze kwenye sahani na nitembee, yote kwa pamoja, nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki, na siku mbili za kutumia nguvu. Na kiuno cha mwanamke kisizidi sentimita 88, yaani kama inchi 35.

Matembezi nilikuwa nayajua tayari. Viatu nilinunua vya mtumba, kama elfu kumi na tano. Kwa nguvu nilitumia madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, nanyanyua mara kumi, napumzika, mara tatu, halafu nakaa na kusimama kwenye stuli bila kushika meza. Hapo sina la kuongeza.

Kazi ilikuwa jikoni. Mimi ni mtu wa Tanga, sili wali mkavu, na yeyote anayekuambia uache nazi maisha yako yote hajakaa nyumba yenye mbuzi ya kukunia. Nilichofanya ni hiki. Nazi nakuna moja badala ya mbili. Nakamua kasimile, lile tui zito la kwanza, naiweka pembeni. Wali naupika kwa tui jepesi, la pili na la tatu, na chumvi na hiliki mbili. Harufu ipo, ladha ipo, baba watoto alikula siku nne bila kujua kitu. Ile kasimile natia kijiko kimoja kwenye mchicha au matembele yakikaribia kuiva, na kwa kuwa inakuwa juu, ulimi unaikuta kwanza. Inayobaki inakwenda kwenye uji wa mama mkwe, ambaye yeye anahitaji kunenepa.

Mafuta niliacha kumimina kutoka kwenye kidumu, napima kwa kijiko, viwili kwa sufuria ya watu sita. Samaki sikaangi tena ila sikukuu. Changu au kibua nampaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, namchoma juu ya mkaa. Nusu ya sahani mboga na kachumbari, robo samaki au kunde, robo wali. Na machungwa ya Muheza nayala, siyakamui. Zamani nilikuwa nakamua matano kwenye glasi moja na sukari juu, nikidhani nakunywa afya.

Ramadhani niliogopa sana. Nikahamishia matembezi saa kumi na moja jioni, taratibu, nikirudi adhana inakaribia. Tende tatu, maji, uji, magimbi vipande viwili, kaimati tatu tu. Mwezi uliisha sijaongezeka.

Mwezi wa tano tangu nianze mzani uligoma kabisa, wiki sita kilo 86. Ningekuwa na mzani peke yake ningekata tamaa. Lakini kila tarehe mosi nilikuwa najipima kiuno kwa kipande cha bitana, nakikata sawasawa na mzunguko wangu, nakitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Cha mwezi wa sita nilikishika sambamba na cha mwezi wa tano, kikawa kifupi kwa upana wa kidole. Nikajua mwili unafanya kazi hata mzani ukinyamaza.

Leo nina kilo 79, miezi kumi. Presha mara ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82, na kliniki bado naenda. Msumarini kuna vipande kumi na kimoja, cha kwanza inchi 43, cha mwisho 36. Yule binti wa maji ya ndimu naye nimemkatia cha kwake, nikakitundika kando ya vyangu. Ameniahidi kuja Jumamosi alfajiri twende wote Raskazone, na nimemwambia aje ameshakunywa uji.