Mzee wa Gerezani

Mpwa wangu kaurithi urefu wangu wote. Jana kapanda pikipiki ya jirani, magoti yakagota kwenye usukani, akaniuliza, "Mjomba, wewe uliwezaje?"

Sikuweza. Ile pikipiki yangu nyekundu ya cc 150 ilinitoa Mbagala hadi mjini nikashuka nyonga zimekufa ganzi. Gia yake ilikuwa ya kukanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, na kiatu namba 46 kilinasa katikati. Kutafuta nyutro kwenye foleni ya Kilwa Road ilikuwa adhabu. Niliongeza sponji kwenye siti, nikapata siti ndefu na maumivu yaleyale.

Pale Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, si jela, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa kuchomea mageti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Panda."

Kijana wake akaishika pikipiki kwa nyuma isimame wima. Mzee akaniambia nifumbe macho. "Sasa shusha miguu, iende inakotaka yenyewe." Nikaiachia. Ikaning'inia mbele ya vikanyagio, mbele sana. Nilisikia magoti yake yakigusa chini, kisha vidole vikinishika kifundo cha mguu, taratibu, kama anamvalisha mtoto viatu. Akapima kwa shibiri kutoka kikanyagio hadi kwenye soli, akanung'unika, akapima tena. "Inua vidole, kana kwamba unapandisha gia. Tena. Mbona unakaza? Legeza." Nilipofumbua, kulikuwa na mstari wa chaki kwenye kiatu changu na mwingine kwenye bomba la gadi, kile chuma cha kukinga miguu. Nguo nimepimwa mara nyingi. Chombo cha moto, sikuwahi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kila kipande kilifunguliwa kwanza, maana umeme wa kuchomea hauna urafiki na betri wala waya. Vikanyagio vikasogezwa mbele na kushushwa kidogo kwa chuma bapa. Ile sehemu ya kisigino ya gia ikakatwa kwa grenda, kipande chake kikaungwa mbele.

Breki akakataa kuiunga. "Gia ikikatika utasukuma. Breki ikikatika utasukumwa wewe." Akaiongezea kibati kwa bolti mbili, akarekebisha nati ya fimbo kule kwenye ngoma ya nyuma, akanitaka niikanyage mpaka aridhike.

Nikarudi Mbagala nimenyoosha miguu. Kwenye kona kali chuma kilikwaruza lami, nikajifunza kuinama kwa adabu. Shemeji, aliyezoea kuiazima kila Jumamosi, alipanda, miguu ikapapasa hewani, akanirudishia funguo kimya. Hilo mzee hakunitoza.

Nilipokuja kuiuza, mnunuzi akavitazama vile vyuma, akakata bei. Nilibishana kidogo tu. Alikuwa mfupi, na kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa.