Usiku wa Binamu za Obama

Rafiki yangu Fundi alikuwa mkono wa birika wa kutajika. Alishona suti pale Kibuye, mjini Kisumu, na kitambaa kilichobaki baada ya kukata kilikuwa chake, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Mito ya nyumbani kwake yote ilikuwa na rangi za suruali za watu. Chai ukimnunulia alikunywa vikombe viwili. Akikununulia yeye, jua unaota. Kwa hiyo aliponijia jioni ya Jumatano, tarehe 5 Novemba 2008, akaniambia, "Omera, leo twende Kondele, mlangoni nalipa mimi," nilimtazama vizuri nione kama ana homa.

Lakini homa ilikuwa ya Kisumu nzima. Saa moja asubuhi habari zilikuwa zimefika kwamba Obama, ambaye baba yake alikuwa Mluo wa huku kwetu, ameshinda urais kule Marekani, na tangu hapo boda wa baiskeli walizunguka mjini na matawi kama bwana harusi yuko njiani. Rais Kibaki akatangaza Alhamisi kuwa sikukuu. Mwanzoni mwa mwaka ule ule, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, Kondele ilikuwa mahali pa matairi yanayowaka na risasi, na watu walikuwa wamezoea kufunga milango jua likizama. Sasa barabara ile ile ilijaa watu wanaocheka bila hata kuchekeshwa.

Ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, siku hiyo ilipigwa kwenye baa moja yenye uwanja nyuma. Kulikuwa na ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, kinanda, na mwimbaji mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyekula pilipili. Mgeni wa ohangla hudhani watu hulipa kiingilio ili wasikilize nyimbo. Nyimbo ni nusu tu. Nusu nyingine ni pakruok: unainuka na noti yako mkononi, unamwendea mwimbaji, ngoma zinanyamaza, unapewa maikrofoni na unajisifu mbele ya umati wote. Ukimaliza, mwimbaji anazirudia sifa zako kwa kuzitia chumvi mpaka hujui kama amekupandisha au amekutukana, kisha ngoma zinarudi kwa kishindo. Asiye na hela hana sifa.

Usiku ule kila aliyeshika maikrofoni alikuwa binamu ya Obama. Mmoja alisema mwaka wa 2006, seneta alipokuja Kisumu, walipungiana mkono, "na mimi ndiye niliyeacha kwanza." Mama mmoja wa makamo alijitangaza kuwa mke mwenza wa Ikulu ya Marekani, akaomba Michelle amwachie jikoni tu. Mwimbaji akamwuliza kama kule Washington kuna pahali pa kuanika omena. Nilicheka mpaka nikamwaga soda.

Ndipo Fundi akainuka. Nilidhani anakwenda msalani. Nikamwona ametoa noti ya mia, ameinyoosha kwa vidole viwili kama mtu anayeaga maiti, akampa mwimbaji. Kwao ni Gem, nakujua mpaka boma, lakini usiku huo alikuwa amehamia Alego, jirani kabisa na Kogelo, kijiji cha kina Obama. Akasema ana ng'ombe thelathini. "Hamsini!" mwimbaji akadakia. Umati ukapiga yowe. Huyu mtu hakuwa na hata kuku.

Angerudi kuketi, mambo yangeishia hapo. Lakini kulikuwa na jamaa mmoja wa kutoka Usenge, mvuvi, kifua kama mlango wa godauni. Akatoa mia mbili.

"Mimi ndimi mbuta," akasema. "Nikipita ziwani, omena hunipisha njia."

Fundi akarudi mbio. Mia nyingine. "Mimi ndimi sindano. Mwembamba, ndiyo, lakini hakuna rais anayeapishwa bila mimi kumpitia mgongoni."

"Mbuta havai suti!" mvuvi akapaaza sauti kutoka mezani kwake, bila kulipa, na mwimbaji akamkaripia kwa wizi wa sifa.

Fundi hakungoja. "Ndiyo maana sokoni huuzwa uchi."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Viti vilianguka. Mpiga ngoma aliweka kichwa juu ya ngoma yake akatetemeka mabega. Mvuvi mwenyewe alikuja akamkumbatia Fundi, akamnyanyua juu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtu mwenye busara angeondoka. Fundi, akiwa bado hewani, akanisifu mimi. "Rafiki yangu yule pale, fahali wa Maragoli, akila ugali sufuria huomba msamaha!" Watu wote wakageuka. Ukisifiwa sharti uinuke ulipe, na mwimbaji alikuwa tayari ameanza kuimba, polepole, "Fahali, fahali, mkono wako uko wapi?" Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya nauli yetu. Ukatoka.

Tulitoka saa tisa za usiku. Hapo nje boda walikuwa wameegemea ukuta na baiskeli zao, na Fundi akauliza bei ya kwenda Nyalenda kwa sauti ya mtu anayepanga kulipa kesho.

"Mia mbili," kijana mmoja akajibu. Kwa kawaida ilikuwa thelathini.

"Mia mbili! Baiskeli yako ina injini?"

"Mzee, tumekusikia hapa ukutani. Wa ng'ombe hamsini. Si unipe ndama mmoja tu, tufunge hesabu?"

Wenzake waliangua kicheko, mmoja akagonga kengele ya baiskeli kama ngoma. Fundi akakunja suruali, tukashika njia kwa miguu. Mpaka tunapita Kibuye alikuwa bado analalamika. Yule kijana, alisema, hana adabu hata kidogo, kwa sababu yeye Fundi alitaja ng'ombe thelathini. Ile ishirini ya juu aliongeza mwimbaji, na kama kuna mtu wa kudaiwa ndama, basi akadaiwe huko huko ndani.