Maua ya Julai, Hombolo

Uholanzi ninakoishi, watu wana kaugonjwa kao. Februari, baridi ikiwa bado inauma, wanavaa mabuti na kuzunguka mabondeni kutafuta maua ya kwanza. Kikichomoza kiua cheupe kilichoinamisha kichwa, mtu mzima anapiga magoti kwenye tope akipige picha. Mashamba yamejaa bata bukini waliokimbia baridi ya Aktiki, nao wanahesabiwa. Nami nimeambukizwa.

Basi nilipokuja likizo Dodoma, Julai, nikamwambia mjomba twende Hombolo tukatembee.

"Tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, Mjomba. Tunaangalia maua na ndege."

"Maua, Julai hii?" Akachukua fimbo yake hata hivyo.

Kipupwe cha Ugogo mnakijua: upepo, vumbi, mvua imekata tangu Aprili na nyingine ni hadi Desemba. Mibuyu haina jani. Lakini kwenye miamba tulikuta mti mfupi wenye shina nene kama chupa, hauna jani hata moja, umejaa maua ya waridi. Ulaya huuzwa kwenye vyungu, nao wanauita waridi la jangwani. Nilitaka kuvunja tawi, mjomba akanishika mkono: utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa Eyasi huupaka kwenye mishale.

Mbuyuni ndipo nilipokaa sana. Kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho, wanaingia na kutoka kwenye tundu. Ndege huyu nilimwona kwanza kizimbani, sebuleni kwa jirani yangu Mholanzi, naye alishangaa kwamba simjui ilhali asili yake ni Tanzania. Huko wanazalishwa na kuuzwa madukani. Huku serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

"Wanauzwa? Hawa?" Nikamtajia bei kwa shilingi. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Wanamaliza mtama wangu kila mwaka, mpwa wangu, na sijawadai hata senti."

Tukishuka kuelekea bwawani likatupita kundi la kwezi wa rangi ya majivu, wenye mikia mirefu. Nikamwambia hao nao ni wa Tanzania.

"Na hawa," akauliza, "jirani yako hawataki?"