Nilivyowavisha wageni kanga Mwaka Kogwa

Natembeza watalii Unguja. Mara ya kwanza kupeleka wageni Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi, mwezi wa Julai, nilipita Darajani jioni ya kuamkia sherehe nikachukua doti tatu kwa kutazama rangi tu. Kesho yake mgeni wangu akaingia kwenye nyumba tuliyokaribishwa, amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Mwenye nyumba aliisoma, akanyamaza. Chakula alituletea, lakini hakukaa nasi. Aibu ilikuwa yangu, maana mgeni hajui Kiswahili na mimi ninakijua.

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo linalosema. Siku ile ni ya kutoa mafundo ya mwaka mzima: wanaume wanachapana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto pale uwanjani Kae Kuu, wanawake wanapita wakiimba wamevaa nguo zao bora. Nyimbo nyingine ni za kuchambana, kweli, lakini wanachambana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni hana ruhusa ya kijembe.

Mwaka uliofuata nilianza wiki mbili kabla. Nilichukua doti sita kwa makubaliano ya kurudisha zisizofaa, nikamwendea bibi yule yule mwenye nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mara hii umeniletea maneno gani?"

Nikamtandikia zote mkekani. Akazisoma moja moja, akasukuma tatu pembeni bila kueleza, akashika yenye "Mgeni njoo mwenyeji apone".

Kazi ya mikono ikabaki kwangu. Kanga mpya ina wanga, ngumu, haishiki kiunoni. Nilizikata, fundi akazipinda, nikazifua mara mbili, kila rangi na beseni lake.

Siku yenyewe waliowafunga wageni kanga ni bibi na jirani zake wawili, kwa malipo tuliyokubaliana mapema. Wapo wenzangu wanaoona hiyo ni gharama ya bure. Mimi nusu saa ile naithamini kuliko vita vya migomba: mgeni anafundishwa kulitamka jina, anaambiwa lisomeke nyuma na lisipinduke, anageuzwa, anafungwa upya, na kamera zote zimo mkobani mpaka wenyeji waseme sawa. Hapo ndipo vazi linapokuwa mazungumzo. Bila hivyo ni kitambaa cha kupigia picha.

Wanaume wawili walitaka kuja na shuka nyekundu za Kimasai walizonunua ufukweni. Nilikataa kabisa. Wamasai wana mavazi yao na sherehe zao, na Makunduchi si mahali pake. Walivaa vikoi na mashati ya mikono mirefu.

Tulipokaribishwa ndani, bibi alimgeuza mgeni, akalisoma jina kwa sauti nyumba nzima isikie. Kisha akavuta mkeka, akakaa nasi.