Mark II yangu, IST na hesabu ya petroli

Kila ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta hapa Zanzibar, inapotangaza bei za mwezi mpya, kuna mwenzangu mmoja ofisini ambaye huniuliza kama Mark II yangu imeshapewa habari. Kwa muda mrefu nilikuwa nikicheka naye na mambo yakaishia hapo, lakini tangu Ramadhani ilipomalizika nimekuwa nikifikiri kwa dhati kama wakati umefika wa kuliuza gari hili na kuchukua gari dogo linalobana matumizi. Kwa kuwa fikra zangu hutulia zaidi ninapoziandika, naziweka hapa.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II GX100 la mwaka 1998, lenye injini ya 1G-FE, yaani silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita mbili, na nguvu yote ikipelekwa magurudumu ya nyuma. Aliyewahi kulipanda hana haja ya kuelezwa utulivu wake. Ukishaipita Tunguu na barabara ikafunguka, injini haisikiki, na abiria wa nyuma hulala mpaka waamshwe na matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe na magari wanapovuka. Sina ugomvi na mwendo wake. Ugomvi wangu uko sheli.

Nimelipima kwa njia ya kawaida, ya kujaza tangi mpaka juu, kuandika kilomita, kisha kujaza tena, na kwa safari za mjini pamoja na foleni za asubuhi halizidi kilomita 8 kwa lita moja. Watu wangu wa karibu wenye Toyota IST, gari dogo ninalolifikiria, za cc 1300 wanasema wanapata kama kilomita 14, na hao si watu wa kutia chumvi. Kwa mwezi mimi hutembea kiasi cha kilomita 750, kwa hiyo Mark II inakunywa karibu lita 94, na IST ingekunywa karibu lita 54. Tofauti ni lita 40, ambazo tukizikisia kwa shilingi 3,000 kila lita, kwa wepesi wa hesabu tu, ni shilingi 120,000 kwa mwezi, au 1,440,000 kwa mwaka. Si pesa ya kudharau. Hata hivyo, nikiuza gari langu kwa bei inayotajwa sokoni na kununua IST iliyo katika hali nzuri, nitalazimika kuongeza kiasi cha shilingi milioni 7, na kwa mwendo huo nitahitaji karibu miaka mitano kabla petroli niliyookoa haijazirudisha milioni hizo mfukoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoniambia kwamba gari dogo linajilipa lenyewe. Linajilipa kwa anayetembea sana. Unguja nzima ina urefu wa takriban kilomita 85, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kwenda Makunduchi kumtazama Mama na kurudi. Mtu wa Dar es Salaam anayepandisha mara kwa mara kwenda Mbeya anaweza kuiona faida ndani ya muda mfupi. Mimi wa Fuoni ninayekwenda kazini Malindi ya hapa mjini Unguja na kurudi nitaiona polepole mno. Kwa hesabu ya petroli peke yake, ningebaki na gari langu na kuuvumilia mzaha wa ofisini.

Kilichobadilisha mizani ni kutu. Nilimpelekea gari fundi wangu wa siku nyingi, mzee asiyependa maneno, nikamwomba alitazame lote kama kwamba anataka kulinunua yeye. Alianza kwa injini, akaisikiliza, akaridhika. Kisha akalala chini na bisibisi, akaichomeka kwenye ukingo wa chini ya mlango wa abiria, pale rangi ilipofanya malengelenge madogo ambayo mimi nilikuwa nikiyaosha kila wiki bila ya kuyatilia maanani. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, na alipoichomoa ukamwagika unga wa rangi ya hudhurungi, mwingi wa kujaza kiganja.

“Mwanangu, injini ipo,” akasema akijipangusa. “Bodi ndiyo inayoaga.”

Upepo wa chumvi hauna huruma na bati, na gari langu limelala usiku mwingi Makunduchi, karibu na bahari. Kuchomelea vipande vipya chini ya milango inawezekana, lakini kutu ikishaingia ndani ya kingo huendelea kula pembeni ya kiraka. Juu ya hayo, mkanda wa taimingi wa injini ile hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000, na wangu umekaribia. IST hutumia cheni, na plagi zake ni nne badala ya sita. Kwa hiyo zile milioni 7 sizilinganishi tena na petroli tu, bali na petroli pamoja na uchomeleaji, rangi, mkanda na shokapu za nyuma.

Nilizitazama pia Vitz na Passo za cc 1000, zinazokunywa kidogo zaidi, nikaziacha kwa sababu ya mizigo. Huwezi kutoka Makunduchi mikono mitupu: kuna mihogo, nazi, na mkungu wa ndizi ambao Mama hakubali ubaki. Buti la Mark II hulimeza hilo lote. IST ni fupi kwa karibu sentimita 90, jambo la raha unapotafuta pa kuegesha Malindi, na viti vyake vya nyuma hulala, kwa hiyo mihogo itapata pake iwapo abiria si wengi.

Jambo la mwisho sikulitarajia. Nilimpakia Mama kwenye IST ya shemeji yangu kumpeleka harusini, na aliposhuka hakuomba mkono. Magoti yake yanamsumbua, na Mark II imelala chini, kiasi kwamba kumtoa ni kazi ya watu wawili. Kiti cha IST kiko juu zaidi. Alizungusha miguu, akasimama, akanyoosha mtandio wake na kwenda zake.

Nimeamua kununua, ila si kwa haraka. Nimemwambia wakala anitafutie IST yenye karatasi ya mnada kutoka Japani, yaani ile inayoonyesha kasoro za gari lilipokaguliwa, na nataka kuisoma mwenyewe, kwa sababu katika mchoro wa gari alama ya S ni kutu, na C ni kutu iliyokwishakula chuma. Magari ya mikoa ya kaskazini ya Japani hutembea juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na sioni sababu ya kuagiza kutu kutoka mbali wakati hapa ipo ya bure. Likishuka bandarini litakwenda kwanza kwa mzee wangu, lipakwe rangi nzito ya kuzuia kutu tumboni na ndani ya kingo za milango, na baada ya hapo ndipo litakapoanza safari za Makunduchi. Mark II nitaiuza nikiwa nimemwonyesha mnunuzi lile tundu la bisibisi, na bei itateremka kwa kadiri yake.