Beisi ya Kwanza Tangu Teixeira Aondoke

Msimu wa 2025 umekwisha kwa Yankees, klabu yangu ya besiboli ya New York. Toronto wametutoa kwenye mtoano wa Oktoba, na mimi badala ya kulala nimekaa nikiwakumbuka waliotulindia beisi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukimbilia akishapiga mpira, tangu Mark Teixeira atundike glavu mwaka 2016. Wenzangu huongea habari za warushaji, au za mpigaji wetu Aaron Judge na gongo lake. Mimi jicho langu huwa kwa huyu wa beisi ya kwanza. Karibu kila mpira unaopigwa ukaburuzika chini huishia kwake: mwenzake anauokota, anamrushia, naye ajinyooshe mpaka mwisho huku mguu mmoja uko kwenye beisi na mkimbiaji anamjia mbio; mpira ukitangulia, mkimbiaji ametoka. Mrusho ukiwa mbovu, ni yeye anayeuokoa.

Zamani New York walizoea kumwona mtu mmoja pale miaka nenda miaka rudi. Lou Gehrig alicheza mechi 2,130 mfululizo, kuanzia 1925 hadi maradhi yalipomtoa 1939. Don Mattingly alidumu mpaka 1995 na mgongo wake mbovu. Tino Martinez, aliyerithi nafasi hiyo, alizomewa alipoanza 1996, kisha akawa sehemu ya mataji manne katika miaka mitano. Akaja Jason Giambi, akaja Teixeira na ubingwa wa 2009. Baada ya hapo nyumba ikawa ya wapangaji.

Greg Bird ameniuma sana. Oktoba 2017, mechi ya tatu dhidi ya Cleveland, hakuna aliyefunga mpaka awamu ya saba. Mbele yake yuko Andrew Miller, mrushaji ambaye wapigaji wa mkono wa kushoto walikuwa wakimwogopa, na Bird ni wa kushoto. Akaupiga mpira ukaenda kutua majukwaani upande wa kulia. Tukashinda 1-0. Usiku ule niliamini tumepata mtu wa miaka kumi. Lakini bega lilishamkosesha msimu mzima wa 2016, kifundo cha mguu kikapasuliwa 2017, kikapasuliwa tena 2018, na 2019 mguu ukamweka nje tena. Mwisho wa mwaka huo akaachwa, hata miaka thelathini hajafika.

Luke Voit alikuja kutoka St. Louis katikati ya 2018, bila makelele, akapiga mipira 14 ya kuvuka ukuta katika mechi 39 tu. Mwaka 2020, ule msimu wa korona wa mechi 60, aliongoza ligi nzima kwa mipira 22. Goti likamharibikia 2021, klabu ikamleta Anthony Rizzo kutoka Chicago, na kabla msimu wa 2022 haujaanza Voit akapelekwa San Diego. Naona hakutendewa haki.

Lakini ni Rizzo ninayetaka kumwandika. Huyu aliugua saratani ya tezi za limfu akiwa kijana wa miaka 18, akapona, akaipa Chicago Cubs taji la 2016 walilolisubiri miaka 108, kisha akaja kwetu. Mei 28, 2023, San Diego walikuwa uwanjani petu. Mrushaji wetu akageuka ghafla kurusha mpira beisi ya kwanza ili kumnasa Fernando Tatis Jr. aliyekuwa amesogea mbele. Rizzo akaudaka, akainama kumgusa, na nyonga ya Tatis ikamgonga kichwani. Alikaa nje siku chache, akarudi. Kabla ya siku ile alikuwa akifanikiwa mara tatu hivi katika kila kumi anapopiga. Baada yake gongo likafa kabisa. Juni nzima, Julai nzima, majukwaa yakinung'unika kwamba mzee amekwisha. Agosti ndipo ikaelezwa kwamba alikuwa na athari za mtikisiko wa ubongo. Alikuwa akisimama pale akipokea mipira inayokuja kwa kasi ile, na kichwa chake hakiko sawa. Nikikumbuka minung'uniko ile hasira hunipanda mpaka leo.

Mwaka uliofuata akavunjika mkono Boston, tena palepale kwenye beisi ya kwanza, baada ya kugongana na mrushaji wao. Mwishoni mwa Septemba mpira ukamvunja vidole viwili. Hata hivyo alirudi kwa mechi za mtoano za Oktoba. Na wengi wanachokikumbuka ni awamu ya tano ya mechi ya tano ya World Series, fainali ya ubingwa, dhidi ya Dodgers wa Los Angeles: tunaongoza 5-0, makosa yakaanza, kisha Mookie Betts wao akapiga mpira laini wa kujikokota hadi kwa Rizzo. Rizzo akaungoja atulie nao, akageuka, na beisi haina mtu. Gerrit Cole, mrushaji wetu aliyetakiwa kukimbia kuifunika, alikuwa amesimama akiinyooshea kidole. Dodgers wakasawazisha awamu ileile, wakatufunga 7-6, taji likaenda Los Angeles. Waliolaumiwa ni wote wawili, nami nasema lawama kubwa ni ya Cole. Hiyo ni kazi ambayo warushaji huifanyia mazoezi tangu mwezi wa pili kila mwaka.

Paul Goldschmidt alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, muungwana, fundi wa glavu. Rizzo alistaafu Septemba 2025, kwa heshima zote, ila kama mtu wa Cubs. Nilitamani New York nao wamsimamishie uwanja mzima.

Sasa tuna Ben Rice, kijana aliyelelewa kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, aliyetokea chuo cha Dartmouth. Julai 2024, akiwa mgeni kabisa, aliwapiga Boston mara tatu nje ya uwanja katika mechi moja. Msimu wa 2025 alifikisha mipira 26 ya kuvuka ukuta. Bado anajifunza namna ya kuweka miguu, na mirusho mingine ya chini inampita. Klabu imwache palepale beisi ya kwanza, asihamishwehamishwe, hata akipitia mwezi wa ukame.